Giza Ndilo Mtaji wa Mvuvi wa Kigoma

Dagaa wabichi wanaoshushwa asubuhi soko la Mwanga, wakafika Katubuka kabla ya jua la saa nne, wamevuliwa usiku wa kuamkia siku hiyo. Mama anayewapima kwa bakuli halizungumzii jambo hilo kwa sababu kila mnunuzi analijua. Kwa Kigoma, Ujiji na vijiji vyote vya mwambao hadi kwenye fukwe za Gombe, usiku ndio shamba la dagaa na mchana ni wa kuanika, kuuza, kushona nyavu na kulala. Mpangilio huo umekaa muda mrefu kiasi kwamba wengi wetu hatuoni kuwa kuna swali la kuuliza.

Swali lipo, na miaka hii limekuwa zito. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, hatua iliyofuata makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka. Taa za LED zimechukua nafasi ya karabai. Maji yenyewe yamepata joto. Anayetaka kujua ni lini, wapi na kwa zana gani mtu avue Tanganyika lazima aanze na kujua usiku unampa nini mvuvi, na mchana unamnyima nini. Baada ya kulitazama jambo hili kwa pande zake, mimi naona kwamba mali tunayoitumia vibaya kuliko zote ni giza. Tunazungumza juu ya samaki, nyavu na injini, lakini giza ndilo linaloifanya taa ifanye kazi, na giza linaweza kupunguzwa.

Tuanze na maji. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 mahali palipozama zaidi; duniani ni Baikal peke yake, kule Urusi, linalolipita. Ukisikia kina hicho utadhani samaki wana nafasi isiyo na mwisho, kumbe hawana. Upande huu wa kaskazini oksijeni huishia karibu mita 100 kutoka juu. Kusini, kuelekea Zambia, inashuka zaidi. Chini ya mpaka huo hakuna samaki anayeishi. Kwa hiyo maisha yote ya dagaa, migebuka na sangala yamebanwa katika tabaka jembamba la juu, na ndani ya tabaka hilo kuna safari ya kila siku ambayo uvuvi wetu wote umejengwa juu yake.

Mchana maji ya Tanganyika ni angavu sana. Mwanga wa jua hupenya mbali, na kiumbe mdogo anayeelea karibu na uso wa maji huonekana na kila mwenye njaa. Planktoni, wale wadudu wadogo wa majini ambao ndio chakula cha dagaa, hushuka makumi ya mita kujificha. Jua likizama hupanda. Dagaa nao hupanda nyuma ya chakula chao, na nyuma ya dagaa hupanda migebuka, ambao jina lao la kitaalamu ni Lates stappersii. Alfajiri msafara wote hurudi chini. Mvuvi anayetupa wavu mchana katikati ya ziwa anatupa mahali ambapo samaki wake hawapo, au wametawanyika mbali chini ya wavu wake. Usiku wamemfuata wenyewe.

Dagaa wa hapa ni wa aina mbili na zote mbili asili yake ni ziwa hili tu. Stolothrissa tanganicae ni yule mwembamba mwenye kung'aa, wa maji ya mbali na ufuo, asiyeishi zaidi ya mwaka mmoja na nusu hivi. Limnothrissa miodon ni mkubwa kidogo na hupenda kukaa karibu na ukingo, hasa angali mchanga. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini nitairudia mbele, maana ndiyo inayoamua nani anaumizwa na uvuvi wa mchana.

Sasa taa. Watu wa mwambao huu hawakusubiri karabai ili wajue kwamba dagaa huufuata mwanga. Waliwasha mienge kwenye mitumbwi na kuwachota dagaa kwa nyavu za mpini. Mwenge huungua haraka, mwanga wake hauendi mbali, na mtumbwi mmoja haukuweza kuvua zaidi ya kile ambacho mikono ya watu wawili watatu iliweza kuchota. Mabadiliko makubwa yalikuja miaka ya 1950. Kule Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, wafanyabiashara wa Kigiriki walileta meli zenye nyavu za kuzungusha, zikisindikizwa na mitumbwi ya taa. Muongo huo huo ukaleta zana ya mvuvi wa kawaida: boti mbili zinaunganishwa kwa miti, wavu mkubwa unashushwa chini yake, karabai zinaning'inizwa juu ya maji, na dagaa wakishakusanyika wavu unavutwa kwa kamba. Hapa Kigoma chombo hicho kinaitwa kipe. Hadi leo vipe ndivyo vinavyoleta sehemu kubwa ya dagaa wa Kibirizi, Katonga na Ujiji.

Ukikitazama kipe kikifanya kazi utaelewa kwa nini mchana hakina maana. Watu hutoka jioni, mara nyingi injini moja ikivuta vyombo kadhaa. Wakifika wanazima injini, wanawasha taa na kungoja. Kungoja ndiyo kazi yenyewe. Planktoni hujikusanya kwenye mwanga, dagaa hufuata, na pembezoni mwa mwanga migebuka huanza kuzunguka. Nahodha mzoefu husoma maji: mapovu, jinsi kundi linavyogeuka, rangi ya mgongo wa dagaa. Wavu ukivutwa mapema kundi halijakamilika. Ukichelewa, migebuka wamelitawanya. Kwa usiku mmoja wavu huweza kuvutwa mara kadhaa.

Jambo linaloshangaza kuhusu mgebuka ni kwamba yeye huwinda kwa macho. Giza kamili halimsaidii. Taa ya mvuvi humkusanyia chakula na kumwonyesha kilipo, ndiyo maana wavuvi wa mshipi, wenye ndoano nyingi kwenye uzi mmoja, hupenda kukaa karibu na mwanga. Kule Marekani na Kanada kuna samaki aitwaye walleye ambaye hali yake ni kinyume kabisa. Nyuma ya jicho lake kuna utando unaorudisha mwanga, hivyo anaona vizuri pale ambapo samaki wadogo anaowala hawaoni. Majira ya baridi yanapokaribia, mwezi wa kumi na wa kumi na moja, wavuvi wa Maziwa Makuu ya kule humfuata usiku kando ya ufuo bila kuhitaji taa ya kumvutia, na hubishana mwaka hadi mwaka kama mchana nao unafaa. Wao wana hiari. Mchana wenye mawimbi au maji machafu unaweza kuwapa samaki huyo huyo. Dagaa wa Tanganyika hatoi hiari hiyo, na mtu anayetaka kushauri sera za uvuvi hapa kwa kuiga nchi nyingine inafaa aanze na tofauti hii.

Anayelingana nasi yuko karibu zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 dagaa wetu, Limnothrissa, walipelekwa Ziwa Kivu, ambako leo wanaitwa sambaza. Mwaka 1967 na 1968 wakapelekwa bwawa la Kariba, kati ya Zambia na Zimbabwe, wakawa kapenta. Kote walikokwenda uvuvi wa taa uliota mizizi nyuma yao. Samaki alihama na usiku wake.

Mwezi ndio mpinzani wa zamani wa taa. Mbalamwezi ikitanda juu ya ziwa, mwanga wa taa haujitengi tena na maji yanayoizunguka. Dagaa hawaoni sababu ya kukusanyika mahali pamoja. Kwa sababu hiyo wavuvi wa Kigoma wamekuwa wakipumzika takriban juma moja kila mwezi mpevu, wakatumia siku hizo kukarabati nyavu na vyombo, na wengi kwenda shamba. Pwani ya Unguja na Pemba wavuvi wa dagaa wa baharini nao hupanga kazi yao kwa giza na mbalamwezi, na wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria vilevile. Ni likizo ambayo hakuna serikali iliyoitangaza, na ziwa limeipata kwa vizazi na vizazi: karibu robo ya usiku wote wa mwaka bila taa.

Hapo ndipo taa mpya zinaponipa wasiwasi, ingawa sitaki kuzidharau. Karabai ilikuwa mzigo mzito. Ilikunywa mafuta ya taa ambayo bei yake hupanda bila kumuuliza mvuvi, ilipasuka kioo mvua ikiinyeshea ingali ya moto, ilitoa moshi usiku kucha mbele ya pua za watu. Gharama ya mafuta hutolewa kwanza kabla ya mapato kugawanywa kati ya mwenye chombo na wavuvi wake, hivyo kila lita iliyoungua ilipunguza fungu la kijana aliyekesha. Taa ya LED yenye betri iliyochajiwa kwa sola imempunguzia kijana huyo gharama na hatari kwa pamoja. Anayetaka karabai zirudi hajawahi kulipia mafuta yake.

Lakini gharama ile ilikuwa na kazi moja ambayo hatukuiona: iliweka kikomo. Mwenye kipe aliyefikiria kuongeza karabai mbili alipiga hesabu ya mafuta akaacha. Leo kuongeza taa ni kununua mara moja, kisha jua linalipa. Kila mmoja akiongeza, hakuna anayepata faida kwa muda mrefu, kwa sababu taa huvuta samaki kwa kutofautiana na giza linaloizunguka. Taa ya jirani ikiwa kali, maji yaliyo kati yenu huwa na nuru, na nyote wawili mnakaa katika mbalamwezi mliyoitengeneza wenyewe. Tena taa kali hushawishi watu kutoka hata mwezi ukiwa mpevu, kwa matumaini ya kushindana nao. Juma lile la mapumziko linaliwa siku moja moja. Mvuvi mmoja mmoja hana kosa. Anayeacha kuongeza taa peke yake anawaachia wenzake samaki wake.

Mtu anaweza kusema, basi acha wavune, ziwa ni kubwa. Angekuwa na hoja kama ziwa lingebaki lilivyokuwa. Uzalishaji wa Tanganyika unategemea upepo. Kuanzia Mei hadi Septemba kusi huvuma kutoka kusini mashariki, husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na kule kusini maji ya chini yenye rutuba hupanda. Kusi likitulia, karibu Septemba na Oktoba, maji yaliyorundikana hurudi kama yanayopembea, rutuba huchanganyika na tabaka la juu, mwani huota, planktoni hula mwani, dagaa hula planktoni. Majira ya mvuvi wa Kigoma yamo ndani ya mpembeo huo.

Maji ya juu yakipata joto huwa mepesi, na upepo ule ule hauyachanganyi tena kama zamani na maji ya chini. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walichapisha katika jarida la Nature utafiti uliokadiria kwamba kwa sababu hiyo uzalishaji wa mwani katika ziwa ulikuwa umepungua kwa takriban asilimia 20, kiasi kinachoweza kushusha mavuno ya samaki kwa asilimia 30 hivi. Watafiti wengine waliochimba matope ya chini ya ziwa na kuchapisha matokeo mwaka 2016 waliona kwamba kupungua kwa mabaki ya samaki kulianza kabla ya uvuvi mkubwa wa miaka ya 1950. Wapo wanaotumia matokeo hayo kusema mvuvi hana lawama, hivyo aachwe. Mimi nayasoma kinyume. Ikiwa ziwa linatoa kidogo kwa sababu ambazo Kigoma haiwezi kuzizuia, ile sehemu ambayo Kigoma inaweza kuizuia imekuwa na thamani zaidi.

Mchana, je? Mchana una uvuvi wake, na ni makosa kuusahau kwa kuwa hauonekani kama mstari wa taa usiku. Kuhe, samaki mkubwa wa jamii ya sato, huonekana mchana karibu na ukingo, dume na jike wakilinda maelfu ya watoto wao. Ngege hutegwa kwenye midomo ya mito na penye majani. Sangala hunaswa kwa majarife yanayotegwa jioni na kuteguliwa asubuhi, kazi ambayo imo kati ya usiku na mchana; upande wa kaskazini sangala wakubwa walipungua sana tangu enzi za meli za Usumbura. Wapo pia wapiga mbizi wanaokamata samaki wa mapambo kwenye mawe, biashara inayowezekana kwa sababu ya wingi wa samaki wa ziwa hili wasiopatikana kwingine duniani. Uvuvi huu wote hauwezi kulisha mji kama dagaa wanavyoulisha, ila unawapa kitu watu wasio na kipe wala injini: kijana mwenye mtumbwi, mzee mwenye ndoano, familia yenye jarife moja.

Mchana pia ndio unaogeuza dagaa wa usiku kuwa fedha. Dagaa wabichi hawangoji. Wakishushwa Katonga au Kibirizi alfajiri, akina mama huwanunua na kuwaanika papo hapo. Jua la kiangazi huwakausha kwa siku moja. Walioanikwa juu ya vichanja huwa safi na hupata bei nzuri kuliko wa mchangani. Wakati wa masika mvua ya mchana mmoja inaweza kuharibu kazi ya usiku mzima, na hasara hiyo humwangukia mama aliyekwisha kulipa mwaloni. Vichanja vyenye paa, mitambo ya kukaushia, barafu: hivi ndivyo vitu vinavyoweza kuongeza kipato bila kuongeza hata taa moja ziwani. Samaki anayeoza ufukweni alivuliwa bure. Mradi wa FISH4ACP wa FAO, uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya na Ujerumani, umeshughulikia mnyororo wa dagaa na migebuka wa upande wetu, na kwa maoni yangu ukaushaji ndipo mahali pa kwanza pa kuweka fedha.

Usiku una bei ya mwili pia. Dhoruba za masika huja ghafla, na katika giza mawimbi hayaonekani mpaka yamefika. Waporaji wenye silaha wamekuwa kilio cha muda mrefu cha wavuvi wa pande zote za ziwa. Wanachotaka kwanza ni injini, kisha nyavu. Kipe chenye taa kinaonekana kutoka mbali, na aliye gizani anamwona aliye kwenye mwanga bila yeye kuonekana. Ninapokutana na vijana wa Ujiji wanaotaka kuacha kukesha ili waendeshe bodaboda, siwashangai.

Sasa turudi kwenye kufungwa kwa ziwa. Miezi mitatu ya 15 Mei hadi 15 Agosti imechaguliwa ili samaki wapate kuzaa na kukua, na dagaa wanaoishi muda mfupi huweza kurudi haraka wakiachwa. Naiunga mkono hatua hiyo. Mkataba wa kusimamia ziwa uliosainiwa Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003 na Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia ulikuwa unangoja hatua kama hii, kwa kuwa dagaa hawajui mpaka na nchi moja ikifunga peke yake inajinyima bure. Hata hivyo miezi hiyo ndiyo ya jua kali na anga kavu, yaani miezi bora ya kuanika. Mji unapoteza kwa wakati mmoja samaki na hali ya hewa ya kuwahifadhi. Kwa sababu hiyo naamini mapumziko ya mbalamwezi yanastahili kulindwa kwa nguvu ile ile. Yanagawanya maumivu katika mwaka mzima, kila mvuvi anayaelewa bila kufundishwa, na kuyavunja ni jambo linaloonekana kwa macho kutoka ufukweni: taa ikiwaka usiku wa mwezi mpevu, kila mtu ameiona. Idadi ya taa kwa kila kipe nayo inaweza kuhesabiwa chombo kikiwa bado mwaloni, jioni, kabla ya kutoka. Vikundi vya usimamizi wa fukwe, BMU, viko pale pale.

Kuna hatari moja ambayo mjadala wa Kigoma hauipi uzito unaostahili. Usiku ukifungwa, iwe kwa mwezi au kwa amri, njaa haifungwi. Watu hugeukia mchana, na mchana ulio rahisi kuliko wote ni ufuo: kokoro linavutwa na watu kutoka nchi kavu, halihitaji taa, injini wala betri. Sheria imelipiga marufuku, na sababu yake ni ile tofauti ya dagaa niliyoitaja mwanzoni. Limnothrissa wachanga wako hapo ukingoni. Viota vya kuhe viko hapo. Ngege wadogo wako hapo. Kokoro moja la mchana linaweza kuwaondoa wale ambao katikati ya ziwa tumekubali kulala njaa ili wakue. Stolothrissa wa maji ya mbali atakuwa amepumzika, na mwenzake wa ufuo atakuwa amelipa deni la wote wawili.

Kwa hiyo siku za kufunga ziwa, doria inayohitajika zaidi ni ya mchana na ya miguu, kando ya maji, kuanzia Kibirizi hadi vijiji vya kusini mwa Ujiji. Haihitaji boti ya kasi wala mafuta mengi. Inahitaji watu wachache wanaolipwa kwa wakati, na kazi nyingine ya kuwapa wale ambao wangelivuta kokoro. Miezi mitatu ya kuezeka vichanja na kuvitengeneza upya, kwa ujira, ingetosha kuwapa kazi wengi wao kabla ya dagaa wa Agosti kuanza kushushwa.